Mwandishi si Bendera: Ebrahim Hussein na Pwani ya Kusini

Tarehe 7 Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi imempata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyekwenda Uingereza akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964. Mjadala uliozuka nchini baada ya tangazo hilo ulihusu zaidi pasi yake ya kusafiria kuliko vitabu vyake. Kuna waliosema ni Mtanzania kwa kuwa kitovu chake kimezikwa Zanzibar. Kuna waliosema si Mtanzania kwa kuwa sheria ya nchi hairuhusu uraia wa nchi mbili. Wengine wakakumbusha kwamba riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza, na methali ya kwamba mwacha asili ni mtumwa ikatolewa kama hati ya mashitaka. Mtu aliweza kushiriki ubishi huo tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kufungua ukurasa mmoja wa kazi ya mshitakiwa. Riwaya yake ya kwanza kutafsiriwa kwa Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022, baada ya hukumu kuwa imeshapitishwa barazani.

Ubishi ule una kasoro kubwa kuliko uvivu wa kusoma. Unachukulia kwamba uhamisho ni jambo la mipaka na bahari: aliyevuka yuko nje, aliyebaki yuko ndani. Pwani ya kusini ya Tanzania, kutoka Kilwa hadi Lindi, imemtoa mwandishi anayeivunja hoja hiyo, naye hatajwi katika mabishano hayo. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa katika pwani hiyo mwaka 1943, aliandika akiwa bado kijana mchezo ambao taifa liliufanya mojawapo ya nguzo zake. Kinjeketile ulichapishwa na Oxford University Press mjini Nairobi mwaka 1969, ukaingia madarasani Tanzania na Kenya, na vizazi vya wanafunzi vimetahiniwa kwao. Mwandishi wake alikwenda Berlin ya Mashariki, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt mwaka 1975 kwa utafiti juu ya maendeleo ya tamthilia Afrika ya Mashariki, akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika miaka ya 1980 akauacha ualimu huo na kujitenga na kadamnasi.

Hussein hakufukuzwa nchini, wala hakunyang'anywa uraia. Kilichohamishwa ni swali lake. Taifa lilikipokea kitabu kwa mikono miwili, likakivika taji, kisha likaliacha mlangoni jambo ambalo kitabu kiliandikwa kwa ajili yake. Huo ndio uhamisho unaostahili kujadiliwa, na wenye dhamana nao ni wengi: walimu, watunga mitihani, wasemaji wa majukwaani, na hata wapenzi wa ushairi wa mwambao, ambao aghalabu hujiona wako mbali na dhambi za siasa.

Kwanza itazamwe namna mchezo huu unavyofundishwa. Mwanafunzi huambiwa atenganishe fani na maudhui, kisha aorodheshe dhamira: umoja, ukombozi, ushujaa, madhara ya ukoloni. Huambiwa kwamba Kinjeketile ni kielelezo cha mzalendo aliyeyaunganisha makabila dhidi ya Mjerumani. Majibu hayo si ya uongo. Wamatumbi, Wakichi, Wangindo na Warufiji wamo katika mchezo, wanagombana na kupatana, na maji ndiyo yanayowakusanya. Lakini majibu hayo yanatosha kwa nusu ya kwanza tu. Mtahiniwa anaweza kupata alama zote bila ya kugusa tukio ambalo mchezo mzima umeegemea juu yake.

Tukio hilo ni ahadi ya Seyyid Said. Kinjeketile, aliyechukuliwa na pepo Hongo ndani ya mto Rufiji, anarudi na ujumbe wa maji na umoja, na ndani ya ujumbe huo anasema kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Neno hilo likishatoka, msemaji mwenyewe linamtisha. Anapotulia na kulipima, anaona kwamba maana yake ni kumwondoa Mjerumani na kumrudisha Sultani, yaani kuibadili shingo ya nira bila ya kuiondoa nira yenyewe. Anaanza kumshuku pepo aliyemtuma. Anajaribu kuichelewesha vita. Wenziwe, hata hivyo, wamekwisha kulichukua neno, na wao hawana shaka. Vita inaanza bila ya idhini yake. Tangu hapo hadi mwisho, mchezo unamwonesha mtu aliyeshindwa na kauli yake mwenyewe, anayetazama watu wakienda kufa kwa imani ambayo yeye ameanza kuipoteza.

Msomaji wa Dodoma au wa Kisumu anaweza kulipita jina la Seyyid Said kama pambo la kihistoria. Mtu wa Kilwa hawezi. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, karibu miaka 50 kabla ya vita vya Maji Maji, lakini utawala wa nyumba yake ulikuwa umeshika forodha za pwani hii hadi Wajerumani walipoingia. Kilwa Kivinje ilikuwa katika karne ya 19 bandari kuu ya kusafirishia watumwa waliotoka bara, wakiwamo waliotekwa njia ya Ziwa Nyasa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, na majeraha yake hayakupigwa marufuku na mkataba wowote. Kwa hiyo mtu wa Matumbi anapoambiwa atakuwa mtoto wa Seyyid Said, maneno hayo yanamfikia akiwa na kumbukumbu ya aliyenunua na aliyeuza. Na mtu wa pwani anapoyasikia, anakumbushwa upande aliosimama babu yake.

Mfano mmoja unatosha kuonesha ugumu wa jambo hili. Hassan bin Omari, ajulikanaye zaidi kwa jina la Makunganya, aliwapiga Wajerumani katika nyika za Kilwa na akanyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895. Leo anatajwa miongoni mwa mashujaa wa kupinga ukoloni, na ni haki atajwe. Lakini Makunganya alikuwa pia mtu wa biashara ya misafara na watumwa, na sehemu ya ugomvi wake na Wajerumani ilitokana na biashara hiyo. Uzalendo wa vitabu vya kiada huchagua nusu ya mtu na kuizika nusu nyingine. Hussein alikataa kufanya hivyo. Aliiweka pwani ndani ya mchezo wa ukombozi kama tatizo, akaacha watu wa bara na watu wa mwambao watazamane.

Hapa watetezi wa masomo ya kizalendo wana hoja, na hoja hiyo isikilizwe. Wanasema: taifa changa linahitaji mababu. Mwaka 1956 Nyerere aliitaja Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa alipodai uhuru wa Tanganyika. Mwaka 1968, chini ya John Iliffe na G. C. K. Gwassa, wanafunzi wa chuo kikuu walikusanya simulizi za wazee walioikumbuka vita hiyo. Watu waliokufa kati ya 1905 na 1907, kwa risasi na zaidi kwa njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala, wanafika 250,000 hadi 300,000 kwa makadirio ya baadhi ya wanahistoria. Je, wafu hao wapewe mchezo wa mashaka? Je, si heshima zaidi kuwapa mchezo wa ushujaa?

Jibu limo katika tamati ya mchezo wenyewe, ile ambayo wazalendo huitumia kama ushahidi wao. Kinjeketile amefungwa. Anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki na jemadari wake, naye anamsihi aseme hivyo. Anakataa, na anakataa akijua kwamba maji hayakuzuia risasi. Hakatai kwa sababu bado anaamini. Anahofu kwamba akilikana neno, Mjerumani atawaambia watoto wa kesho kuwa hata sababu ya kupigana ilikuwa uongo. Anachagua kunyamaza kwa ajili ya watu, na bei ya kunyamaza huko ni ukweli wake yeye. Ni uamuzi mzito na mchungu, na heshima ya wafu imo katika uzito huo. Mwalimu anayeufupisha kuwa "alikuwa jasiri hadi mwisho" anamdhulumu Kinjeketile, na anawadhulumu waliokufa Matumbi na Ungindo, kwa sababu anawafanya wajinga waliodanganywa na maji au malaika wasiojua hofu. Walikuwa watu wazima waliojua kinachowasubiri.

Hussein aliliona hatari hiyo mapema. Katika utangulizi wa kitabu alitahadharisha kwamba mhusika wake ni kiumbe cha sanaa, si Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905. Tofauti ya herufi katika jina haikuwa kosa la mpiga chapa. Mwandishi alikuwa akidai nafasi ya kufikiri kando ya kumbukumbu rasmi. Nafasi hiyo hakupewa. Mhusika wake akachukuliwa kuwa ndiye mtu wa historia, na mtu wa historia akafanywa kuwa sanamu. Mchezo unaohusu neno linalomtoroka mwenye kulisema, ukamtoroka mwenye kuuandika.

Yaliyompata Hussein yana ndugu yake mbali sana na Kilwa. Witold Gombrowicz, mwandishi wa Poland, alifika Buenos Aires kwa meli mwezi Agosti 1939, siku chache kabla ya nchi yake kuvamiwa, akakaa Argentina hadi 1963. Aliendelea kuandika kwa Kipolandi. Mwaka 1953 riwaya yake Trans-Atlantyk ilitoka Paris, ikiwacheka Wapoland wenziwe wa ughaibuni waliotaka kila mtu ageuke askari wa heshima ya taifa. Katika lugha yake neno la kutaja nchi ya mtu limetokana na baba. Gombrowicz akalitungia mwenzake lililotokana na mwana, akiuliza kama mtu anadaiwa zaidi na waliomtangulia au na watakaomfuata. Wapoland wa ughaibuni walikasirika, na serikali ya kikomunisti nyumbani ilikuwa na chuki yake tofauti. Alifariki Vence, Ufaransa, mwaka 1969, mwaka uleule Kinjeketile ulipotoka.

Mwaka 2007 Waziri wa Elimu wa Poland, Roman Giertych, alipendekeza kazi ya Gombrowicz iondolewe katika orodha ya vitabu vya shule, na zogo kubwa likazuka. Kuna jambo la kuonea gere katika kisa hicho. Waziri yule, pamoja na ubaya wa pendekezo lake, alikuwa ameelewa kwamba kitabu kinauliza swali linalomsumbua mzalendo wa aina yake. Alikiogopa kwa sababu alikisoma sawasawa. Tanzania haikuwahi kuwa na sababu ya kukiogopa Kinjeketile, maana ilikisoma kwa namna isiyoweza kumtisha mtu. Kitabu kilichopigwa marufuku huwa na wasomaji wa siri. Kilichogeuzwa maswali ya kuchagua jibu hubaki na watahiniwa tu, na mtahiniwa hukifunga siku ya matokeo.

Ukali huu usielekezwe shuleni peke yake. Upande wa mwambao nao una hesabu yake. Miaka ya 1970 ilishuhudia mzozo wa ushairi uliogawa mabaraza: wale walioshika vina na mizani, na wale walioandika bila ya vina, waliopata nguvu hasa Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974. Hussein alikuwa ameshaandika bila ya vina kabla ya hapo. Shairi lake "Ngoma na Vailini" linamweka mtu mmoja kati ya ala mbili zinazomwita kwa wakati mmoja, wala hawezi kuziziba sikio. Ni vigumu kuitaja kazi fupi ya Kiswahili inayoeleza vizuri zaidi hali ya mtu wa pwani, ambaye damu, elimu, dini na siasa zimemjia kutoka pande tofauti na zote ni zake. Hata hivyo walinzi wengi wa arudhi waliuliza jambo moja tu: vina viko wapi? Vilipokosekana, ilitangazwa kwamba hilo si shairi la Kiswahili, na pengine kwamba mtungaji ameuacha Uswahili.

Huo ulikuwa ni uraia mwingine na pasi nyingine. Aliyemwambia Gurnah kwamba Kiingereza kimemtoa katika utaifa, na aliyemwambia Hussein kwamba kukosa vina kumemtoa katika Uswahili, ni mtu mmoja aliyebadili kofia. Wote wawili wanaulinda mlango na hawajui kilichomo ndani ya nyumba. Arudhi ni hazina, na asiyeijua hana haki ya kujigamba kwamba ameivunja. Lakini hazina haigeuki kuwa kituo cha uhamiaji.

Ushahidi kwamba arudhi nayo inaweza kubeba utata mzito unatoka Lindi yenyewe. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, alitunga utenzi juu ya vita vya Maji Maji, nao ulitolewa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Utenzi huo umetimiza kila sharti la tenzi: mizani minane, vina vitatu, na kina cha bahari kinachokwenda hadi mwisho. Ulitungwa na mtu wa zama zilezile. Pamoja na hayo hauna nafasi karibu na Kinjeketile katika madarasa, na sababu inajulikana: mtunzi hasemi maneno yanayotakiwa. Anaitazama vita kutoka mjini, kama mtu wa mwambao na wa dini aliyezungukwa na maafa. Lawama zake kwa waliopigana hazifichiki, na mateso yaliyowafika watu hayafichiki pia. Hakuwa na neno la kutaja taifa ambalo lilikuwa bado halijazaliwa.

Mzalendo wa haraka atamwita kibaraka, na hapo ataukosa utajiri wote. Jamaliddini ndiye ile pwani ambayo Kinjeketile wa Hussein anaiogopa, ikisema kwa sauti yake yenyewe. Mmoja anatoka ndani ya mji akiwatazama watu wa nyika kwa mashaka. Mwingine, mtoto wa pwani ileile, zaidi ya miaka 60 baada ya vita, anavuka upande wa pili na kuandika namna watu wa nyika wanavyoitazama pwani kwa mashaka. Kazi hizi mbili zikisomwa pamoja, Lindi na Kilwa zinakuwa mahali ambapo taifa linajadiliwa kwa ukweli kuliko jukwaa lolote la sherehe. Zikitenganishwa, moja inakuwa wimbo wa sifa na nyingine inakuwa karatasi ya makumbusho.

Kazi zilizofuata za Hussein zinathibitisha kwamba mashaka ya Kinjeketile hayakuwa ya kupita njia. Mashetani, ya mwaka 1971, inawakutanisha vijana wawili, Juma na Kitaru, wa koo mbili ambazo historia imezigeuza: aliyekuwa juu ameshuka baada ya Mapinduzi, na mwingine anapanda. Wanacheza mchezo wa Shetani na Binadamu chini ya mbuyu, na urafiki wao hauwezi kuivuka historia hiyo kwa nia njema tu. Kwenye Ukingo wa Thim, ya mwaka 1988, inaangalia maiti inayogombaniwa kati ya mjane na ukoo, katika nchi iliyojisifu kwamba ukabila umezikwa. Mfano wake ulikuwa kesi ya mazishi ya S. M. Otieno iliyoitikisa Kenya mwaka 1987. Katika kazi hizi zote swali ni moja: nani ana haki ya kusema "huyu ni wetu", na anayesemewa hivyo anapoteza nini?

Baada ya hapo mwandishi alinyamaza. Kunyamaza kwake kumetungiwa hadithi nyingi, na hadithi hizo hazina haja ya kurudiwa, kwa kuwa maisha ya ndani ya mtu si mali ya wasomaji wake. Yaliyo hadharani yanatosha. Mtafiti wa Kifaransa Alain Ricard, aliyeandika kitabu kizima juu yake, alikiita kwa Kifaransa mwaka 1998 kwa jina lenye neno la utaifa wa Tanzania; toleo la Kiingereza lililotoka Dar es Salaam mwaka 2000 likabeba jina lenye neno la ubinafsi, kwa maana ya nafsi ya mtu mmoja. Majina hayo mawili yakiwekwa pamoja yanaonesha safari ya mtu aliyeanza kama sauti ya wengi na akaishia kudai haki ya kuwa mmoja. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya ushairi yenye jina lake, iliyotokana na wasia wa mtengenezaji filamu wa Kanada, Gerald Belkin. Ni jambo jema, na waliopata tuzo hiyo wamestahiki. Lakini tuzo hulilinda jina, na jina la Hussein halijawahi kuwa hatarini.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa ya wasomi, na kwamba watu wa kusini wana matatizo makubwa zaidi ya namna mchezo unavyofundishwa. Wanakosea kwa sababu moja. Mikoa ya kusini imezoea kuambiwa kwamba ni chimbuko la ushujaa wa taifa, na katika siku nyingine zote za mwaka haiulizwi inafikiri nini. Nandete, katika milima ya Matumbi, huadhimishwa kwa kuwa vita vilianzia pale. Mnara hauwezi kumjibu mgeni rasmi. Mchezo wa Hussein unaweza, kwa sababu ndani yake watu wa kusini wanabishana wenyewe kwa wenyewe, wanaogopa, wanakosea, wanapima ahadi za wakubwa na kuziona zina mashimo. Kuwanyima watoto wa Kilwa na Lindi sehemu hiyo ya mchezo ni kuwafundisha kwamba babu zao walikuwa na damu ya kutoa na hawakuwa na akili ya kushuku.

Kiswahili kina neno ambalo Gombrowicz angelifurahia. Mtu anapoulizwa atokako, husema "kwetu", na neno hilo halimtaji baba wala halichori mpaka. Linataja tu kwamba kuna watu ambao yeye ni mmoja wao. Kwetu kwa Gurnah kunaweza kuwa Unguja na Uingereza pamoja. Kwetu kwa Hussein ni pwani iliyouza watu na iliyonyongewa watu wake, taifa alilolitumikia kwa kalamu, na chumba alichojifungia. Hakuna ofisi inayoweza kumpunguzia hata kimoja kati ya hivyo, na msomaji mwaminifu hana budi kuvipokea vyote.

Linalotakiwa ni dogo, nalo halihitaji kamati. Utenzi wa Jamaliddini uwekwe mezani pamoja na Kinjeketile, kuanzia shule za Kilwa na Lindi. "Ngoma na Vailini" isomwe barazani na watu wenye kujua vina, waulizane ni kwa nini mtunzi aliviacha. Na katika mtihani ujao wa mchezo ule, swali la umoja na ushujaa lipumzike mwaka mmoja, mahali pake pakae jingine: kwa nini Kinjeketile alitishwa na ahadi iliyotoka kinywani mwake mwenyewe? Mtoto wa Kivinje anayeweza kwenda kumuuliza bibi yake kabla ya kulijibu atakuwa na la kuandika.